Kwa Nini Miradi ya Kilimo Inayojengwa kwa Fedha za Umma Hukwama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa pande mbili: waliopewa mfereji usio na maji, na waliotia saini ili ujengwe. Nimesimamia ujenzi wa aina hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba pande zote mbili huwa hazidanganyi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine yamekwisha kwa mstari mmoja.

Mradi uliokwama ni upi hasa? Kama jengo lipo, si umekamilika?

Jengo kuwepo ni nusu ya habari. Banio hujengwa ili maji ya mto yapande na kuingia mfereji mkuu. Kama maji hayafiki shamba la mwisho, hapo pana ukuta wa zege mtoni, basi.

Kuna mradi uliosimama njiani, nondo zimechomoza juu ya nguzo na kushika kutu. Kuna uliokamilika ukafungwa kufuli na haujawahi kutumika. Halafu kuna ule uliofanya kazi misimu miwili au mitatu ukafa kimyakimya. Huu wa mwisho ndio ninaokutana nao zaidi, na ndio usioonekana kwenye taarifa yoyote, kwa sababu taarifa ya mwisho iliandikwa siku ya makabidhiano. Siku hiyo mageti yalikuwa na rangi mpya na maji yalikuwa yanapita. Kwa walioandika, mradi ule mpaka leo ni wa mafanikio.

Hapo ndipo mzizi ulipo: fedha za umma hulipia kujenga, hazilipii kufanya kazi. Mkandarasi hulipwa kwa mita za ujazo za zege, mhandisi mshauri kwa michoro na ukaguzi, ofisi husifiwa kwa kiasi cha bajeti ilichotumia. Katika mnyororo wote huo hakuna anayelipwa kwa gunia lililovunwa.

Si ni rushwa tu?

Rushwa ipo. Mifuko saba ya saruji huandikwa, mitano ikamiminwa. Kifusi husombwa safari ishirini kikahesabiwa safari arobaini. Lakini ukiishia hapo utashindwa kueleza miradi iliyoendeshwa na watu waaminifu kabisa ikafa vilevile, na utashindwa kueleza kwa nini barabara zilizoliwa hela bado zinapitika.

Barabara mbovu gari hupita likirukaruka. Mfereji hauna huruma hiyo. Maji hushuka sentimita chache tu kwa kila mita mia, kwa hiyo fundi akikosea kimo kwa upana wa kiganja mahali pamoja, maji yanasimama pale na mashamba yote ya chini yanakauka. Kazi ya kilimo inaadhibu makosa madogo ambayo kazi nyingine huyavumilia.

Rushwa ina madhara mengine yasiyotajwa sana. Inapenda kujenga, haipendi kutunza. Zabuni mpya ina mlungula ndani yake. Kupaka grisi geti na kuzibua tope kwa majembe hakuna cha kumegwa. Kwa hiyo hata pale ambapo hakuna aliyeiba kwenye ujenzi, uamuzi wa kujenga kipya badala ya kukarabati cha zamani unaweza kuwa tayari umeshanunuliwa.

Upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi utafaa, si hufanywa kwanza?

Hufanywa, ila mara nyingi uamuzi unakuwa umeshatangulia. Mtaalamu anatumwa kutafuta sababu za kusema ndiyo, na anajua hivyo kabla hajapanda gari.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni mradi wa karanga wa Waingereza Tanganyika. Mwaka 1946 ujumbe mdogo wa wataalamu ulizunguka kwa wiki chache na kurudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikaenea Urambo na Nachingwea. Hakuna aliyekuwa amelima karanga pale kwa mashine hata kwa msimu mmoja ili kuona itakuwaje. Trekta nyingi zilikuwa mabaki ya vita na zilikufa zikigombana na vichaka na mibuyu. Mvua za Kongwa ni za kubahatisha. Na udongo wake, ukishakauka, unakuwa mgumu kama tofali, wakati karanga ni zao linalozaa chini ya ardhi: zilizoota hazikung'oka. Januari 1951 serikali ya London iliufuta, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea.

Wenyeji wa Kongwa walikuwa wakijua mvua yao. Kuwauliza hakukuhitaji bajeti.

Linganisha na Gezira, mradi wa kumwagilia pamba nchini Sudani. Mwaka 1911 ilifungwa pampu moja pale Tayiba, kwenye eneo dogo, ikaangaliwa kama pamba inastawi, udongo unashika maji na wakulima wanakubali utaratibu. Bwawa la Sennar, la kuumwagilia mradi huo, lilikamilika mwaka 1925, miaka 14 baadaye. Sisemi Gezira ilijengwa kwa mapenzi kwa Wasudani. Ilijengwa kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Uingereza. Lakini waliokuwa wanatoa fedha walitaka kuona pamba kwanza. Mradi huo ulifanya kazi miongo kadhaa kabla ya tope na uchakavu wa mifereji kuanza kuumaliza.

Kwa nini makadirio hukosewa kila mara kwa upande uleule?

Swali zuri, na ndani yake mna jibu. Kosa la bahati mbaya huangukia pande zote: mara gharama inazidi, mara inapungua. Bent Flyvbjerg, msomi wa Denmark aliyechunguza miradi mikubwa ya nchi nyingi, amekuwa akisisitiza hilo kwa miaka: gharama hukadiriwa chini na faida hukadiriwa juu kwa sababu anayekadiria kwa ukweli hapati fedha. Mradi unaoonekana mzuri kwenye karatasi ndio unaoshinda, na mara nyingi unaonekana mzuri kwa sababu umepambwa.

Kwenye kilimo mapambo hayo yana mahali pake maalumu. Mavuno ya shamba la utafiti huandikwa kama mavuno ya mkulima. Eneo lote la skimu, yaani mradi wa umwagiliaji, huhesabiwa kuwa litalimwa mara mbili kwa mwaka kuanzia mwaka wa kwanza. Bei ya mazao huchukuliwa ile ya leo, kana kwamba soko halitashuka siku watu elfu mbili watakapovuna wiki moja.

Bura, kando ya mto Tana nchini Kenya, ilipangiwa hekta 6,700 kwa mkopo uliohusisha Benki ya Dunia. Hadi miaka ya 1980 zilikuwa zimeendelezwa kama hekta 2,500, na maji yalikuwa yakivutwa kwa pampu za dizeli. Gharama za barabara, nyumba na mfereji mkuu hazipungui kwa kuwa hekta zimepungua. Zote zinagawanywa kwa hekta chache zilizobaki, na dizeli juu yake. Kwa hesabu hiyo hata mkulima hodari kuliko wote hawezi kuokoa skimu.

Ujenzi huchelewa kwa sababu gani?

Kwa sababu mwaka wa fedha na mwaka wa mvua ni vitu viwili visivyojuana.

Bajeti inapitishwa. Miezi inapita kabla fedha hazijashuka. Zabuni inatangazwa, inapingwa, inarudiwa. Mkandarasi anapokabidhiwa eneo, mawingu yameshajikusanya. Mto umejaa, banio halijengeki, kijiko cha kuchimbia kimezama nusu ya tairi. Kazi inasimama, lakini kalenda ya ofisini haisimami. Kipindi cha mwisho wa mwaka wa fedha kinapokaribia, simu zinaanza kupigwa: fedha zisipotumika zitarudi hazina, na mwakani tutapunguziwa. Sasa zege linamiminwa usiku na mchana. Zege linataka kumwagiliwa maji kwa siku nyingi ili likomae, lakini mkandarasi ameshahamia sehemu inayofuata. Nimeona ukuta wa mfereji uliopasuka nyufa za unene wa sarafu kabla mbao za fomu hazijaondolewa zote.

Na mkulima? Alikuwa ameambiwa asilime mwaka ule kwa sababu mfereji unakarabatiwa. Msimu wake umeenda. Hasara hiyo haimo katika mchanganuo wowote wa gharama.

Kumpa kazi mzabuni wa bei ya chini kuna shida gani?

Hakuna, kama bei ya chini ni ya kweli. Anayeomba chini ya gharama anategemea mambo mawili: kupunguza vifaa, au kuomba nyongeza ya kazi akishakuwa ndani na hafukuziki.

Wahandisi wazuri, fedha zipo, hakuna wizi. Bado mradi unaweza kuanguka?

Ndiyo, na wakati mwingine unaanguka kweli. Bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lilijengwa na idara ya shirikisho yenye uzoefu mkubwa wa mabwawa kuliko karibu nyingine yoyote duniani wakati ule. Lilikuwa la umwagiliaji na umeme. Tarehe 5 Juni 1976, likiwa linajazwa maji kwa mara ya kwanza, asubuhi vilionekana vijito vikitoka ubavuni. Trekta za kusukuma udongo zilitumwa kuziba, mbili zikamezwa na shimo. Karibu saa sita mchana bwawa lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa.

Kiini cha bwawa kilikuwa cha udongo laini uliowahi kuletwa na upepo, ulioshindiliwa juu ya mwamba wenye nyufa nyingi. Maji yalipata njia katikati ya hivyo viwili na kuuchimba udongo kutoka ndani. Nyufa zilijulikana. Nyingine, kubwa za kuingia mtu, zilionekana wakati wa kuchimba. Lakini mradi ukishakuwa na tarehe, bajeti na wanasiasa waliouahidi, taarifa mbaya inayotoka ardhini hugeuka kuwa kero inayotafutiwa dawa ili kazi iendelee. Swali la kama kazi iendelee halirudi tena mezani.

Inawezekanaje mfereji wa saruji ukaleta maji pungufu kuliko ule wa udongo?

Watu hawaamini hili mpaka walione. Elinor Ostrom, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza na wenzake skimu zaidi ya mia moja nchini Nepal. Waligundua kwamba skimu zilizoendeshwa na wakulima wenyewe, zenye mabanio ya mawe, miti na matope, mara nyingi zilifikisha maji mkiani mwa mfereji vizuri kuliko zile zenye mabanio ya kudumu yaliyojengwa na serikali.

Sababu si fumbo. Banio la miti hubebwa na mafuriko kila mwaka. Kulijenga upya kunahitaji mikono mingi, kwa hiyo wenye mashamba ya juu, karibu na mto, wanawahitaji wenzao wa chini. Nao wa chini wana neno la kusema: hatuji kubeba mawe kama maji hayatufikii. Makubaliano ya maji yanasimama juu ya kazi ile ya pamoja, ya kila mwaka, inayochosha.

Kisha linakuja banio la zege. Halibebwi na mafuriko. Wa juu hawamhitaji tena mtu yeyote. Wanafungua geti wanavyotaka, na wa chini hawana cha kuwatishia nacho. Mhandisi ameondoa kero ya kila mwaka, na bila kujua ameondoa mkataba uliokuwa umefungwa na kero hiyo.

Simaanishi watu waachiwe mabanio ya miti. Ninamaanisha kwamba kabla ya kumimina zege lazima uulize: nani alikuwa anamtegemea nani hapa, na baada ya mradi watategemeana kwa lipi? Swali hilo halina mstari kwenye michoro, na mhandisi hafundishwi kuliuliza.

Mbona wakulima wanapewa miundombinu halafu hawaitunzi?

Kwanza tazama walichopewa. Geti la chuma linalohitaji mpini maalumu, na mpini uliondoka na gari la mkandarasi. Pampu ambayo kipuri chake kinaagizwa ng'ambo. Chama cha wamwagiliaji kilichoundwa wiki mbili kabla ya makabidhiano, kwa sababu fomu ya mfadhili ilikuwa na kisanduku cha kuweka tiki.

Pili, wakulima wanajua kuhesabu. Wakichanga kwa ajili ya matengenezo, wanatoa fedha zao. Wakiuacha mfereji ufe, baada ya miaka kadhaa utakuja mradi wa ukarabati kwa fedha za serikali au za mfadhili. Jenga, telekeza, jenga upya: mzunguko huu unampa kila mmoja sababu ya kusubiri. Mfadhili naye huona fahari kulipia kipya, si kulipia fundi wa kukaza nati.

Kuna skimu ambazo watu hutunza vizuri sana. Ukichunguza, utakuta wao wenyewe wanapanga zamu, wanatoza faini, na aliyeiba maji usiku anajua atapatikana na nani.

Na maghala, masoko, machinjio, vyumba vya baridi?

Hivi hufeli kwa vitu vidogo. Niliwahi kuingia kwenye ghala jipya la nafaka, rangi bado inanuka. Magunia yaliyogusa ukuta yalikuwa yameota ukungu. Nikapiga goti na kuweka kiganja sakafuni, nikakiinua kina unyevu. Chini ya zege hapakuwa na nailoni nzito ya kuzuia unyevu wa ardhi, kitu ambacho gharama yake haifiki hata rangi ya nje. Matundu ya hewa yalikuwepo, ila bila wavu, na njiwa walikuwa wameshahamia. Mlango ulifungukia ndani, kwa hiyo ghala likijaa haufunguki. Chaga za kupangia magunia hazikuwemo kwenye mkataba. Aliyechora alichora jengo. Hakuwahi kupanga gunia.

Vyumba vya baridi hufa kwa bili ya umeme. Magharibi mwa ziwa Turkana, pale Kalokol, kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jengo zuri, mitambo ya kisasa. Kugandisha samaki katika joto lile, na kupata maji safi ya kiwanda mahali pakame kama pale, kukagharimu kuliko samaki wenyewe walivyoweza kurudisha. Kikafungwa muda mfupi tu baada ya kuanza, kisha ghuba iliyokuwa na samaki nayo ikakauka. Wavuvi wa pale walikuwa wanakausha samaki kwa jua, na jua halina bili.

Soko nalo hujengwa penye kiwanja cha bure, na kiwanja huwa cha bure kwa sababu hakuna anayepita hapo.

Mabadiliko ya hali ya hewa yanachangia?

Yanachangia pale ambapo mtu alisanifu kana kwamba mto hautabadilika kamwe. Kusini mwa ziwa Chad, upande wa Nigeria, uliandaliwa mradi wa kumwagilia hekta 67,000 kwa maji ya ziwa. Vipimo vilitokana na miaka ambayo ziwa lilikuwa limejaa. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 ulilirudisha nyuma hadi karibu moja ya kumi ya ukubwa wake wa miaka ya 1960, pampu zikabaki zikitazama mchanga. Ziwa hilo limekuwa likipanuka na kusinyaa tangu zamani. Ila kumbukumbu ya mradi ilikuwa fupi kuliko ya ziwa.

Mwananchi anawezaje kujua mapema kwamba mradi utakwama?

Mwulize mhandisi kina cha maji mtoni mwezi ule mkavu kuliko yote, na nani alikipima, mwaka gani. Akikupa wastani wa mwaka, shtuka. Wastani haunyweshi mche. Uliza nani atalipa umeme au dizeli mwaka wa tatu, na usikubali jibu la “wanufaika”. Uliza fundi wa pampu anaishi wapi. Omba kuona kipindi cha matazamio kwenye mkataba, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, ni cha miezi mingapi na kama kinapita katika msimu mmoja kamili wa mvua. Kisipopita, kasoro zitajitokeza mkandarasi akiwa ameshachukua fedha zake zilizozuiliwa.

Nenda pia ukamtafute mwenye shamba la mwisho kabisa mkiani. Kama hajawahi kuhudhuria kikao hata kimoja, jibu umelipata.

Mradi uliokwama ufufuliwe au uachwe?

Inategemea sehemu gani ina mtumiaji. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja, na mpaka leo inapokea meli kwa sababu ilipata mizigo mingine. Reli iliyojengwa pamoja nayo haikupata, iling'olewa. Mradi mmoja, kipande kimoja kizima, kingine hakipo.

Kinachonisikitisha ni ufufuaji unaoanza na mkandarasi. Mageti yanabadilishwa, mfereji unasakafiwa upya, na lile lililoua mradi mara ya kwanza haliguswi. Mimi ningeanza na mtu mmoja mwenye fimbo ya kupimia kina, akae pale kiangazi kizima, apime maji kila asubuhi kwenye banio na kila jioni kwenye shamba la mwisho, na ayaandike kwenye daftari. Gharama yake ni mshahara wa mtu mmoja kwa miezi michache. Daftari hilo likijaa ndipo tuitane kuzungumza habari za zege.